Nishani ya Tomu Ndoo na Vifua Vyake Viwili

Mtu akikwambia kwamba manowari za Mwingereza zilitembea pwani yetu hii ya Afrika Magharibi kwa nguvu za makaa ya mawe, usimkatize. Mwache amalize, ni adabu. Akishamaliza, mweleze ukweli kwamba zilitembea kwa migongo ya Wakru, kabila letu la mabaharia. Hayo makaa nani aliyapakia? Mashua nani aliivusha kwenye wimbi linalopasukia mchangani, wimbi ambalo mzungu akiliona tu huanza kuwakumbuka wazazi wake? Ni sisi. Na katika mtaa mzima wa Wakru pale Freetown, enzi zile za Malkia, hakukuwa na mwanamaji aliyemfikia Nagbe. Hilo hata waliomchukia walilikubali, ingawa waliangalia pembeni wakati wa kulikubali.

Nagbe alikuwa na mabega mapana kama mlango wa ghala. Kwenye paji la uso alikuwa na ile alama yetu ya buluu, mstari mmoja unaoshuka kutoka kwenye nywele hadi puani. Tunachanjwa tungali wadogo, na maana yake kila nahodha aliijua: huyu ni mtu wa bahari, hauzwi, hafungwi kamba. Ila mzungu akishaisoma alama vizuri, jina humshinda. Siku Nagbe alipoandikishwa manowarini, ofisa wa siku ile alimuuliza anaitwa nani. Akajibiwa, "Nagbe." Ofisa akalijaribu lile jina mdomoni kama mtu aliyeuma kiazi cha moto, akalitema, akatazama huku na huku, akaona ndoo. "Tomu Ndoo," akasema, na mambo yakaishia hapo. Rafiki yake Teah alikuwa amesimama karibu na paka wa jikoni, basi yeye akawa Jeki Paka. Nagbe alimshukuru Mungu kwamba alisimama upande wa ndoo.

Miaka ikapita, Tomu Ndoo akawa mnyapara wa Wakru wote melini. Yeye ndiye aliyechagua nani aajiriwe na nani arudi nyumbani kupalilia muhogo. Jeki Paka akawa wa pili wake, na mtu wa pili, tunavyojua, hulala jicho moja likiwa wazi.

Kisha vikaja vile vita vya mtoni. Kusini kulikuwa na chifu mmoja aliyewakataza wafanyabiashara wa Kizungu kupanda mto wake kununua mawese bila kupitia kwake. Kwa akili yetu sisi, mwenye mto ndiye mwenye mto. Kwa akili ya manowari, hayo yalikuwa matusi ya kujibiwa kwa mizinga. Mashua zikapanda mto, na Nagbe na watu wake ndio waliozivuta. Mshika usukani alipopigwa risasi ya bega, Nagbe alirukia kasia la nyuma akaigeuza mashua, akairudisha na kila mtu aliyekuwa ndani yake, huku maji yakichemka kwa risasi kama sufuria ya dagaa. Baadaye hakuwahi kujisifu kwa vita vile. Chifu yule hakuwa amemkosea kitu. Alijisifu kwa mashua. "Niliigeuza mahali ambapo hata samaki hugeuka kwa shida," alikuwa akisema, na tulimwachia, kwa sababu ni kweli.

Vita vilipokwisha, Malkia akatoa nishani kwa wote waliopanda mto. Hapa lazima mjue jinsi maofisa wanavyozipenda nishani. Ofisa asiye na nishani ni jogoo asiye na mkia: anawika, lakini majike hawageuki. Na melini tulikuwa na jogoo mmoja wa namna hiyo, Luteni Thirkell. Huyo hakuwa mwoga hata kidogo, sema nyota yake ilikuwa na uvivu. Katika vita vyake vya kwanza, kule jangwani, adui alijisalimisha huku meli ya Thirkell ikiwa bado inapakia makaa. Vya pili vilimkuta ana matubwitubwi, mashavu kama maboga mawili. Hivi vya mtoni aliachwa alinde meli mdomoni mwa mto, na kanuni ikasema aliyebaki mdomoni hakupanda mto, na asiyepanda mto hana nishani. Vijana aliowafundisha kufunga fundo walikuwa wameshapanda vyeo wakampita. Kifua chake kilikuwa cheupe kama sahani iliyotoka kuoshwa, na kila alipomwona Nagbe amevishwa fedha inayong'aa na utepe wa rangi, shingo yake ilibadilika rangi.

Fedha ile ilikuwa na sura ya Malkia upande mmoja, na ukingoni imechongwa jina la mwenyewe: Tomu Ndoo. Wenzake waliziacha zao melini, lakini Nagbe aliivaa akateremka nayo pwani, kifua mbele, akitembea katikati ya barabara.

Raha yake ilidumu mpaka mlangoni kwa Baba Mkubwa Blamo.

Kwetu kitu kinachotoka baharini si cha mtu mmoja. Mwanamume akirudi kutoka safari, sanduku lake hufunguliwa uani mbele ya mkubwa wa ukoo, na vitu vinagawiwa. Shangazi wanapata vitambaa, mke anapata sufuria, wazee wanapata tumbaku, na mwenye sanduku anapata sifa. Huyo ndiye mwanamume. Baba Mkubwa Blamo, kaka wa marehemu baba yake Nagbe, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo ule. Alikuwa mwembamba kama kasia, mwenye sauti ya tarumbeta. Alimaliza kugawa kila kitu, sanduku likabaki tupu, kisha akainua kidole kuelekea kifuani kwa Nagbe.

"Na hicho je?"

"Hiki ni cha Malkia, Baba Mkubwa."

"Malkia anavyo vingapi?"

"Vingi mno."

"Basi hatakikumbuka. Lete."

Nagbe aliifungua pini polepole. Moyo ulimuuma, lakini watu walikuwa wanamtazama, na shangazi zake walishaanza kumpigia vigelegele. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Akatoa. Kuanzia siku ile Baba Mkubwa hakuonekana tena bila nishani. Aliivaa kanisani, msibani, sokoni, hata baharini kuoga, ikabidi watoto wafundishwe kumwita Baba wa Vita ndipo awape njia ya kupita. Hata alianza kusimulia jinsi yeye mwenyewe alivyoigeuza ile mashua, na kila aliposimulia mto ulizidi kuwa mwembamba.

Mambo yangekwenda hivyo hivyo kwa salama, kama Admirali asingepata wazo la kuja kukagua.

Luteni Thirkell aliwakusanya Wakru sitahani, mikono nyuma. "Siku ya ukaguzi," alisema, "kila mwenye nishani ataivaa. Asiyekuwa nayo nitajua ameinywea pombe. Na mtu aliyeuza nishani ya Malkia hafai kuwa mnyapara, hafai hata kubeba jina la melini. Atashushwa pwani siku hiyo hiyo." Kisha akageuka taratibu. "Tomu Ndoo, yako iko wapi?"

"Iko nyumbani, bwana."

"Nyumbani inafanya nini?"

"Inakaa na wazee, bwana."

"Basi wazee waiage."

Alipoondoka, Teah alisogea akimtabasamia Nagbe. "Pole, ndugu yangu. Ukishushwa usihangaike. Mimi nikiwa mnyapara nitakuchagua tena, nitakupa kasia zuri, lile lisilo na ufa mkubwa."

"Wewe Paka, tulia. Panya hajatoka shimoni, wewe ushaanza kulamba masharubu."

"Silambi. Nayapima tu."

Nagbe alicheka na wenzake, lakini tumboni hakukuwa na kicheko. Unyapara ndio uliokuwa jina lake. Nusu ya wanaume wa mtaa ule walikula kwa sababu aliwachagua. Akishushwa kwa aibu ya kuuza nishani, hakuna meli pwani nzima itakayompokea tena.

Mkono mtupu haulambwi. Jioni ile alikwenda kwa Baba Mkubwa na chupa ya ramu, akaiweka chini, akachuchumaa.

"Baba Mkubwa, shikamoo."

"Marahaba. Chupa hiyo inataka nini?"

"Inasalimia tu."

"Chupa haitembei mpaka huku kuja kusalimia. Sema."

Nagbe akasema. Mzee alisikiliza huku akiisugua nishani kwa kona ya nguo yake. Alipomaliza kusikiliza, alimimina ramu kidogo ardhini kwa ajili ya marehemu, akameza iliyobaki kikombeni kwa ajili ya walio hai, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, unamkumbuka Wesseh?"

Nani asiyemkumbuka Wesseh? Alimgawia shangazi yake mwavuli, mvua iliponyesha akaenda kuuchukua. Kwetu aliyerudisha alichogawa amerudisha na uanaume wake pamoja nacho. Wesseh alirudishwa kukaa na watoto. Alichota maji na watoto, alikula chungu cha watoto, na barazani hakuruhusiwa kufungua mdomo. Ndevu zilimtoka mvi akiwa bado anaitwa "wewe kijana".

"Mimi sikunyimi," Baba Mkubwa alisema. "Nyoosha mkono uchukue. Iko hapa. Ila kesho asubuhi utaamka na ndoo kichwani, na safari hii haitakuwa jina."

Nagbe aliitazama ile fedha. Ilikuwa karibu, hata kuinuka asingehitaji. Aliikunja mikono yake miwili kwapani, akaaga, akatoka.

Alimkuta mkewe, Nyonoh, anatwanga muhogo uani. Nyonoh alikuwa mwanamke wa maneno machache na mchi mzito.

"Amekataa?"

"Hakukataa. Hilo ndilo baya." Nagbe akakaa juu ya kinu kingine kilichopinduliwa. "Nikiichukua, mimi mtoto. Nisipoichukua, mimi mwizi. Nikienda kwa Admirali kifua kitupu, Teah mnyapara. Mke wangu, baharini nimeona mawimbi, lakini haya ya nchi kavu…"

Nyonoh alitwanga kwanza. Mchi ulipanda na kushuka mpaka muhogo ukalainika. Kisha akacheka kwa pua.

"Nyie wanaume mna vichwa vya kubebea mizigo tu. Nishani haiwezi kutoka kifuani kwa mzee, siyo?"

"Haiwezi."

"Na Admirali anataka nishani iende melini."

"Anataka."

"Nani kakataza kifua kwenda?"

Nagbe alimtazama. Kisha akasimama, akatazama upande wa nyumba ya Baba Mkubwa, akamtazama tena mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu Luteni afungue mdomo, alicheka kutoka tumboni. Mnyapara ndiye anayechagua watu wake, sivyo? Manowarini hakuna aliyewahi kumwuliza Nagbe mtu wake ana umri gani.

Siku ya ukaguzi, basi, mashua ya Wakru ilivuka wimbi ikiwa na mpiga kasia mpya, aliyekaa kwenye tezi, nyuma kabisa ya mashua, bila kushika kasia. Alivaa nguo ya buluu kiunoni, kofia ndefu nyeusi ya kibwana iliyowahi kuwa ya nahodha fulani aliyekufa kwa homa, na kifuani nishani. Nagbe alimpandisha ngazi ya meli kwa mgongo wake mwenyewe.

Luteni Thirkell alisimama mbele yao. "Nani huyu?"

"Mtu mpya, bwana."

"Mpya? Ni mzee kuliko meli!"

"Ni mpya melini, bwana. Kwingine ni wa zamani."

"Anaitwaje?"

"Blamo."

Luteni hakujisumbua hata kulionja. Alitazama juu. "Jeki Mlingoti," akasema, na hapo ndipo jicho lake lilipotua kwenye nishani. Mdomo ulifunguka. Lakini filimbi ililia, mabaharia wakasimama wima, na kichwa cha Admirali kikachomoza ubavuni mwa meli.

Alikuwa mzee mnene, mwekundu, na kifua chake kililia alipotembea. Msione natia chumvi, kililia kweli! Nishani zilipangwa safu hadi zikakosa nafasi, zikagongana kama vijiko kabatini. Alipita kwa mabaharia, akapita kwa wapika, akafika kwa Wakru, akasimama kwa Nagbe.

"Nimeambiwa wewe ndiye uliyeirudisha mashua mtoni. Nishani yako?"

"Hana, bwana mkubwa," Luteni alidakia. "Nilitaka kukuarifu."

Huko nyuma Teah alikohoa kikohozi cha mtu anayejiandaa kuitwa.

"Ipo, bwana mkubwa," Nagbe akasema. "Ile pale."

Admirali aligeuka, akatazama kofia ndefu, akateremsha macho mpaka kwenye nishani. Aliishika, akaigeuza ukingo, akasoma. "Tomu Ndoo. Ndiyo wewe?"

Baba Mkubwa aliinamisha kichwa upande wa Nagbe, akasema kwa Kikru, sauti yake ile ya tarumbeta ikienea sitaha nzima. "Huyu mwenye kengele anataka nini?"

"Anauliza kwa nini nishani yangu unayo wewe."

"Swali gani hilo? Mimi ni baba yako mkubwa. Angekuwa nayo nani, bata?"

Nagbe akatafsiri, akiacha bata. Akaeleza na desturi yetu, kwa ufupi, jasho likimtiririka mgongoni. Na wakati Admirali anatafakari, Baba Mkubwa naye alikuwa na kazi yake. Alikuwa anakitazama kifua cha Admirali, safu kwa safu, na uso wake ukazidi kujaa huruma, kama mtu anayetazama yatima.

"Na hizi zote," aliuliza polepole, "amebaki nazo mwenyewe?"

"Baba Mkubwa, tafadhali."

"Maskini wa Mungu! Muulize, hana hata baba mkubwa mmoja? Hana shangazi? Ukoo wake wote ulikufa maji?"

"Anasema nini?" Admirali aliuliza.

Nagbe akajibu haraka, "Anayasifu mavazi yako, bwana mkubwa."

Bakora ya mzee ilipiga sitaha, ta! Hakuna aliyekuwa ameniambia, wala hakuna aliyekuwa amemwambia Nagbe, kwamba ujanani Blamo naye alipakia makaa, na Kiingereza kidogo kilibaki kwenye masikio yake kama mchanga. "Sikusifu mavazi! Unanifanya mwongo mbele ya mgeni? Sema nilivyosema!"

Sasa Nagbe alikuwa ameshikwa huku na huku. Akisema, Admirali anaweza kumtupa baharini na unyapara wake. Asiposema, amemwaibisha mkubwa wa ukoo mbele ya nusu ya vijana wa mtaani. Alivuta pumzi kama siku ile ya risasi, akashika kasia la nyuma, akageuza.

"Bwana mkubwa, mzee anakuonea huruma. Anaona umebaki na nishani zako zote. Anauliza kama huna hata baba mkubwa wa kumpa moja."

Mabaharia wote waligeuza vichwa. Hata paka wa jikoni alisimama. Kapteni alifumba macho. Admirali alishusha kidevu, akazitazama nishani zake kana kwamba mtu ndiyo kwanza amempakulia.

"Nilikuwa naye," alisema mwishowe. "Yeye ndiye aliyenileta baharini. Alikufa kabla sijapata hata moja." Akaigusa moja kwa kidole. "Angezipenda sana, mwambie."

Nagbe akamwambia. Baba Mkubwa alivua kofia, akaishika kifuani kwa heshima ya marehemu asiyemjua, akaivaa tena. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukaa msibani muda mrefu, akageuka akamwona Luteni Thirkell. Alikitazama kile kifua cheupe. Macho yakamtoka.

"Jamani! Na huyu?"

"Huyo ni Luteni, Baba Mkubwa. Twende."

"Twende wapi? Huyu ndiye mtu sasa! Ofisa mzima, miaka yote hii baharini, na hajabakiza hata moja! Amegawa mpaka ya mwisho! Ukoo wake huko kwao lazima unang'aa usiku. Mwambie nampa mkono."

Haya Nagbe aliyatafsiri yote, hakuacha hata nukta, na akayatafsiri polepole ili kila mtu afaidi. Mzee alimshika Luteni mkono kwa mikono yake miwili akautikisa. Luteni aligeuka rangi ya kaa aliyechemshwa. Maofisa walitazama bahari kwa bidii, mabega yanatetemeka.

"Kweli, Luteni?" Admirali aliuliza, midomo ameibana. "Umezigawa zote?"

Luteni, na hapa nampa haki yake, alinyoosha mgongo akasema, "Nimejitahidi, bwana mkubwa."

Admirali alipasuka. Alicheka mpaka kengele zake zote zikalia kwa pamoja, na kicheko kikakimbia kutoka kwa maofisa hadi kwa wapika. Alipopata pumzi alijifuta macho, akasema, "Kanuni inataka nishani ionekane sitahani siku ya ukaguzi. Nimeiona. Kifua, kanuni haikukitaja." Akampigia Nagbe saluti ndogo, akaenda zake kukagua mizinga.

Teah alikuja baadaye, mikono mfukoni. "Mnyapara," akasema.

"Sema, Paka."

"Lile kasia lenye ufa. Nishike mimi?"

"Shika. Ndiyo zamu yako."

Tangu hapo kila ukaguzi ulimdai Jeki Mlingoti. Mzee aliipenda mno ramu ya melini na ile biskuti ngumu aliyoiloweka mpaka ikakubali kufa, na Nagbe alimbeba kwa mgongo kuvuka wimbi kwenda na kurudi, akinung'unika njia nzima na asikubali mtu mwingine ambebe.

Baadaye kidogo kulizuka ugomvi mwingine, mto mwingine, na safari hii Luteni Thirkell alipanda mto. Alirudi mzima. Nishani yake ilipofika Kapteni alimvisha mwenyewe, na Wakru tulimshangilia kwa dhati, kwa maana binadamu huchoka kuona sahani tupu.

Siku ya soko iliyofuata Nagbe alikuwa amekaa mlangoni na Baba Mkubwa, wanakula wali kwa mchuzi wa mawese. Jua lilikuwa linachoma mpaka mbuzi wamejificha. Kwa mbali akaonekana Luteni Thirkell anakuja na barabara yetu, amevaa koti zito juu ya sare, vifungo vyote vimefungwa hadi kooni, uso unavuja jasho kama mtungi. Alipowaona alisita, akatazama kile kichochoro cha mabanda ya nguruwe, akaanza kukata kona.

"Si yule rafiki yangu mkarimu?" Baba Mkubwa aliuliza. "Mbona anapita kwa nguruwe? Ana nini kifuani leo?"

Nagbe alimtazama Luteni, na Luteni alimtazama Nagbe. Neno moja tu lingetosha kumwaibisha.

"Hana kitu, Baba Mkubwa," Nagbe alisema. "Ameshagawa."

Mzee alitafuna, akameza, akavilamba vidole kimoja kimoja.

"Mwambie afungue vifungo apate hewa, atakufa bure," alisema. "Sisi tutaangalia upande wa bahari."